KITASA CHA SWICHI YA GARI: KWA NINI HUKWAMA, NA JINSI YA KUKITENGENEZA

Wenye magari ya zamani wanaifahamu vyema taabu hii. Ufunguo huingia katika swichi lakini haugeuki. Au hugeuka nusu kisha hugoma. Au gari likishazimwa, ufunguo hukataa kutoka. Dereva hutikisa, huvuta, hupiga kwa kiganja, na aghalabu gari huwaka mwishowe. Kwa kuwa limewaka, jambo lenyewe husahauliwa hadi litakapotokea tena. Yafaa ieleweke tangu mwanzo kwamba kitasa kilichoanza kukwama hakijitengenezi. Tena, kama tutakavyoona, kazi ambayo leo ni ya nusu saa hugeuka kuwa kazi ya kutoboa na kuvunja siku ile ufunguo utakapokataa kabisa kugeuka.

Msomaji aliyepo Kawajense, kata mojawapo ya Manispaa ya Mpanda katika Mkoa wa Katavi, ana sababu ya pekee ya kulizingatia jambo hili. Huko kiangazi ni kirefu, tangu mwezi Mei hadi Oktoba hivi, na vumbi jekundu la barabara za udongo na changarawe huingia kila mahali, hata ndani ya saa ya mkononi. Gari linalogoma mbele ya nyumba ni usumbufu tu. Gari lilo hilo likigoma ng'ambo ya Sitalike, katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi kwenye njia ya Sumbawanga, mahali penye mbung'o na tembo, au kwenye njia ya Karema likiwa limebeba mgonjwa, hilo ni jambo jingine.

Makala haya yanakusudia kueleza mambo matatu: kitasa cha swichi kinavyofanya kazi, sababu zinazokifanya kikwame, na hatua ambazo dereva au fundi anaweza kuzichukua kwa vifaa vinavyopatikana kwa urahisi.

Kilichomo ndani ya swichi

Magari ya kwanza yaliwashwa kwa kuzungushwa kwa hendeli, kazi iliyovunja mikono ya watu wengi. Mwaka 1911 Mmarekani Charles Kettering alibuni stata ya umeme, nayo ikatiwa katika magari ya Cadillac ya mwaka 1912. Kwa miaka mingi baadaye ufunguo ulifungulia umeme tu, na stata ilikuwa na kitufe chake. Desturi ya kuwasha gari kwa kugeuza ufunguo wenyewe ililetwa na kampuni ya Chrysler mwaka 1949, ikaenea duniani kote.

Kitu tunachokiita swichi kwa hakika ni vitu vitatu vilivyounganishwa:

(a) Kitasa chenyewe, yaani sehemu inayopokea ufunguo na kuutambua.

(b) Swichi ya umeme, iliyo nyuma ya kitasa. Hii hupeleka umeme wa betri kwenye redio, kwenye mfumo wa kuwashia injini na kwenye stata, kwa kufuata nafasi ya ufunguo.

(c) Komeo la usukani. Hiki ni kipande cha chuma kinachochomoza na kuingia katika pengo lililochongwa kwenye mhimili wa usukani pindi ufunguo unapotolewa. Marekani iliwalazimisha watengenezaji kuweka kinga ya namna hii dhidi ya wezi kuanzia mwaka 1970. Magari ya zamani zaidi, kama Land Rover Series II, yana swichi kwenye dashibodi na hayana komeo hilo.

Ndani ya kitasa mna silinda inayozunguka katika ganda lake. Silinda hiyo imepasuliwa nafasi kadhaa nyembamba, na katika kila nafasi mna kibamba cha shaba ya manjano kinachosukumwa na springi ndogo. Kila kibamba kina tundu katikati ambamo ufunguo hupita. Ufunguo usipokuwamo, springi huvisukuma vibamba hadi ncha zake zinachomoza nje ya silinda na kuingia katika mfereji uliomo kwenye ganda. Silinda haiwezi kuzunguka. Ufunguo sahihi ukiingizwa, makato yake huvivuta vibamba vyote kwa pamoja hadi ncha zake zinalingana sawasawa na uso wa silinda. Hapo ndipo silinda inapogeuka.

Wazo hili ni la kale. Kufuli za mti za Misri ya zamani zilitumia vijiti vilivyoinuliwa na meno ya ufunguo, na Mmarekani Linus Yale mdogo aliliboresha wazo hilo kwa chuma katika miaka ya 1860. Jambo la kukumbuka ni hili: tofauti kati ya kato moja la ufunguo na jingine ni kama nusu milimita au chini yake, na uwazi uliopo kati ya silinda na ganda ni sehemu chache tu za mia za milimita. Kibamba kimoja tu kikichelewa kurudi mahali pake, silinda yote husimama.

Vumbi, na mafuta yanayodhaniwa kuwa dawa

Wanasayansi hulinganisha ugumu wa madini kwa kipimo cha Mohs, kinachoanzia 1 na kuishia 10, ambayo ni almasi. Shaba ya manjano iko karibu na 3. Vumbi la barabara zetu lina chembechembe za oksidi ya chuma, ambazo ndizo zinazolipa rangi nyekundu, na ugumu wake ni kati ya 5 na 6. Lina pia chembe za kwatzi, madini yaleyale ya mchanga wa mtoni, ambayo ugumu wake ni 7. Kwa hiyo chembe za namna hizo zinazoingia kitasani ni ngumu kuliko kibamba cha shaba ya manjano. Ufunguo unaotembea mfukoni au kuwekwa juu ya dashibodi huokota vumbi na kulisindilia ndani kila unapoingizwa.

Vumbi kavu peke yake hudhuru polepole, na sehemu yake hutoka tena na ufunguo. Madhara makubwa huanza pale mwenye gari anapoona kitasa kinakwama akakitilia oili ya injini au grisi. Siku hiyo kitasa hulainika kweli, naye huamini kwamba ametibu. Lakini oili hiyo hubaki humo, huyashika mavumbi yote yajayo, na baada ya wiki kadhaa huwa tope zito. Springi za vibamba ni dhaifu kwa makusudi, wala haziwezi kuvisukuma vibamba katika tope.

Isitoshe, tope hilo husaga. Fundi yeyote aliyepata kusaga valvu za injini anaijua dawa anayoipaka kati ya valvu na kiti chake: ni unga mgumu uliochanganywa na mafuta. Mwenye gari anayetia oili katika kitasa chenye vumbi ametengeneza dawa hiyohiyo, kisha huitumia kusagia ufunguo wake kila asubuhi.

Je, ni jua?

Madereva wengine husema kwamba kitasa hukwama mchana kwa sababu jua limevimbisha chuma. Tunaweza kulipima dai hili. Tuseme silinda ni ya shaba ya manjano yenye kipenyo cha milimita 10, na ganda ni la mchanganyiko wa zinki, kama yalivyo maganda mengi. Halijoto ikipanda kwa nyuzi 30, silinda hutanuka kwa milimita 0.0057 hivi, na tundu la ganda hutanuka kwa milimita 0.0081 hivi. Tofauti haifiki hata milimita 0.003, tena zinki hutanuka zaidi ya shaba, hivyo nafasi huongezeka badala ya kupungua. Jua basi halina hatia. Sababu yafaa itafutwe katika vumbi, katika mafuta yaliyoganda na katika kuchakaa.

Kalamu ya risasi isiyo na risasi

Dawa inayofaa ni ile inayolainisha bila kunasa vumbi, yaani kilainishi kikavu. Kilicho rahisi kupatikana kuliko vyote kimo katika mkoba wa mwanafunzi wa shule ya msingi.

Mji wa Mpanda uliunganishwa na reli kutoka Kaliua kwa ajili ya machimbo ya risasi, ambayo kampuni ya Uruwira Minerals iliyachimba hadi mwaka 1960. Huenda basi msomaji wa huko akadhani kwamba kalamu ya risasi ina madini hayo ya kwao. Haina. Jina hilo ni urithi wa kosa la watu wa Ulaya wa karne ya 16, ambao walipopata madini meusi laini huko Borrowdale, Uingereza, walidhani ni aina ya risasi. Madini hayo kwa kweli ni kinywe, ambacho ni kaboni tupu, na ambacho nchini mwetu hupatikana Mahenge, Lindi na Merelani.

Katika kinywe atomu za kaboni zimepangwa katika tabaka bapa. Ndani ya tabaka moja atomu zimeshikana kwa nguvu sana, lakini tabaka moja na jingine zimeshikana kwa udhaifu, mfano wa karatasi zilizorundikwa mezani. Zikisukumwa, huteleza. Ndiyo maana kinywe huacha alama kwenye karatasi, na ndiyo maana hulainisha vyuma vinavyosuguana. Utelezi huo huhitaji pia unyevu kidogo wa hewa: wakati wa Vita Kuu ya Pili iligunduliwa kwamba brashi za kaboni katika jenereta za ndege zilichakaa upesi mno zilipopaa katika hewa kavu ya juu. Hewa tunayoivuta sisi, hata ya kiangazi, ina mvuke wa kutosha.

Kalamu za risasi hazilingani. Tangu Mfaransa Conté alipobuni utaratibu wake mwaka 1795, kinywe huchanganywa na udongo wa mfinyanzi na kuchomwa tanuruni. Kalamu yenye alama ya H ina udongo mwingi, na yenye alama ya B ina kinywe kingi. Kwa kazi yetu inafaa 2B au zaidi.

Kutambua chanzo

Kabla ya kutia chochote, dereva ajiulize maswali yafuatayo kwa utaratibu.

1. Je, usukani umebana? Iwapo magurudumu ya mbele yameegemea ukingo au jiwe, mhimili wa usukani huliminya komeo nalo haliachii. Shika usukani, uzungushe taratibu kushoto na kulia huku ukigeuza ufunguo kwa vidole. Mara nyingi taabu yote huishia hapo.

2. Je, gari ni la otomatiki? Magari mengi ya aina hiyo hayaruhusu ufunguo kutoka isipokuwa gia iko kwenye P. Sukuma gia hadi mwisho kabla ya kukilaumu kitasa.

3. Je, ufunguo wa akiba unageuka vizuri? Kama ndiyo, kilichochakaa ni ufunguo. Usiende kuchongesha nakala ya ufunguo huo uliochakaa, kwani mashine huiga kila kitu, pamoja na uchakavu. Peleka ule wa akiba ukanakiliwe. Ukikosa, tafuta namba iliyopigwa kwenye ufunguo wa kwanza au kwenye kibati kilichokuja na gari. Fundi mwenye vipimo anaweza kuchonga ufunguo mpya kwa kuifuata. Namba hiyo ni siri, isiandikwe mahali pa wazi. Ikiwa ufunguo una kifaa cha umeme kichwani, kuchonga peke yake hakutoshi. Lazima pia gari lifundishwe kuutambua.

4. Je, ufunguo unageuka laini lakini stata hailii? Basi kitasa ni kizima. Kagua betri, vichwa vya betri na swichi ya umeme.

Jambo moja lisifanyike katika hatua hizi zote: kushika ufunguo kwa koleo. Vidole viwili vinavyosukuma kichwa cha ufunguo chenye upana wa sentimita 2.5, kila kimoja kwa nguvu ya newtoni 20 (sawa na uzito wa kilo mbili hivi), hutoa kani ya mzunguko ya newtoni-mita 0.5. Koleo la sentimita 15 likivutwa kwa newtoni 50 hutoa newtoni-mita 7.5, yaani mara 15 zaidi. Wenzo huo hauviondoi vibamba njiani. Huukata ufunguo, na nusu yake hubaki ndani.

Kusafisha

Mwenye gari atahitaji kalamu ya risasi laini, spiriti, kitambaa safi na pampu ya upepo, hata ya baiskeli.

Kwanza, ondoa waya hasi wa betri. Mvuke wa spiriti huwaka, na nyuma ya kitasa kuna umeme. Usivute sigara wala usiwashe kiberiti karibu.

Pili, puliza upepo ndani ya tundu la ufunguo, ukiwa umefumba macho au umevaa miwani.

Tatu, kama kitasa kimewahi kutiwa oili, dondoshea matone machache ya spiriti, ingiza ufunguo na kuutoa mara kumi, ukiufuta kila mara. Rudia mpaka utoke bila weusi. Kinga plastiki na rangi kwa kitambaa. Dawa ya kupulizia ya kulegezea nati yaweza pia kuyeyusha grisi iliyoganda, lakini huacha utando wa mafuta. Ukiitumia, lazima uioshe kwa spiriti baadaye. Kisha acha kitasa kikauke kabisa, walau nusu saa.

Nne, sugua kalamu ya risasi juu ya meno na mbavu za ufunguo pande zote mbili hadi zing'ae kwa weusi. Uingize na kuutoa mara kumi au zaidi, ugeuze polepole, kisha ufute. Kiasi hicho kinatosha. Usimimine unga mwingi wa kinywe ndani, kwa sababu kinywe hupitisha umeme, na ziada yaweza kuangukia swichi iliyo nyuma. Wala usikichanganye na oili, kwani utakuwa umelirudisha tope ulilolitoa.

Kazi hii yafaa kufanywa mwanzoni mwa kiangazi na kurudiwa kiangazi kinapokwisha.

Silinda inapopaswa kutolewa

Ikiwa kitasa bado ni kizito, vibamba vimechakaa au springi imevunjika, na silinda haina budi kutolewa. Hapa ndipo penye sababu ya kutosubiri. Katika magari mengi silinda hutoka kwa namna moja tu: ufunguo hugeuzwa hadi nafasi ya kwanza, ile ya redio, kisha pini ndogo hubonyezwa kupitia tundu lililo ubavuni mwa ganda. Kitasa ambacho bado kinageuka, japo kwa taabu, hutolewa kwa dakika chache bila kuharibu kitu. Kitasa kilichokufa kabisa hakiifikii nafasi hiyo. Hubaki kutobolewa kwa drili, na mara nyingi ganda zima na komeo lake hununuliwa upya.

Silinda ikishatoka, fundi huviosha vibamba, huvipanga kwa utaratibu uleule, na kubadilisha vilivyolika. Baadhi ya mafundi huchukua njia ya mkato: huvipiga tupa vibamba vinavyochomoza au huviondoa kabisa. Ufunguo hugeuka kwa wepesi siku hiyohiyo, lakini mwenye gari afahamu alichokinunua. Kila kibamba kinachotolewa huongeza idadi ya funguo ngeni zinazoweza kulifungua gari lake, na kitasa kilichobakiwa na kibamba kimoja au viwili huweza kugeuzwa hata kwa bisibisi.

Hatari za njiani

Kitasa kilicholegea kina hatari yake pia. Kikichakaa sana, ufunguo huweza kutoka huku injini inaunguruma. Wako madereva wanaouona ufunguo huo kuwa wa ajabu na kuutembeza mfukoni. Lakini komeo la usukani hutegemea ufunguo huohuo. Likijifunga gari likiwa mwendoni, dereva hana tena usukani. Kwa sababu hiyohiyo, desturi ya kuzima gari mteremkoni ili kuokoa mafuta haifai kabisa. Licha ya komeo, injini ikizimwa breki hupoteza msaada wake baada ya kukanyagwa mara chache, na usukani unaosaidiwa na injini huwa mzito.

Uzito wa mkungu wa funguo nao si jambo dogo. Mwaka 2014 kampuni ya General Motors ya Marekani iliyarudisha karakana magari yapatayo milioni 2.6, yakiwamo ya aina ya Chevrolet Cobalt, kwa kuwa swichi zake zilikuwa na ushikaji hafifu. Mtikisiko, au uzito wa funguo zilizoning'inia, uliweza kuurudisha ufunguo nyuma gari likiwa mwendoni. Injini ilizimika, na mifuko ya hewa ya kinga haikufumuka wakati wa ajali. Mfuko wa fidia ulioundwa na kampuni hiyo ulikubali madai ya vifo 124. Wakati wakisubiri matengenezo, wenye magari hayo waliambiwa waondoe kila kitu kwenye ufunguo wa gari, ubaki peke yake. Ushauri huo unalifaa pia gari la zamani linalorukaruka juu ya makorongo ya barabara ya udongo: funguo za nyumba, za duka na za kufuli la ghala zikae mahali pengine.

Hitimisho

Kitasa cha swichi hukwama kwa sababu zinazoeleweka na zinazopimika. Vumbi ni gumu kuliko shaba. Oili hulinasa vumbi na kuligeuza kuwa dawa ya kusagia. Ufunguo uliolika hauvifikishi vibamba mahali pake. Dereva anayekumbana na dalili hizi aanze na usukani, kisha ufunguo wa akiba, kisha spiriti na kalamu ya risasi. Hayo yakishindikana, ampelekee fundi gari lake wiki hiyohiyo, ufunguo ukiwa bado unageuka, na amwombe arudishe vibamba vyote ndani ya silinda.